Slipu ilisema amelipa: mkopo wa mwalimu mmoja, kutoka Moshi hadi Arusha na kurudi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mwalimu wa hisabati na fizikia. Alisoma Moshi kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, akafundisha shule ya binafsi Arusha kwa zaidi ya miaka mitatu, kisha mwaka 2023 akapata ajira ya serikali na kupangiwa shule ya kata Moshi Vijijini. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo alinipigia simu saa nne usiku. Hakusalimia, na yeye si mtu wa kukosa salamu.

"Kaka, nimekatwa laki na zaidi. Hilo sina neno nalo, nilijua nitakatwa. Lakini soma hapa kwenye salio. Wameandika milioni tisa na laki tatu na ushee. Mimi nimelipa zaidi ya milioni mbili na nusu kule Arusha. Zimeenda wapi?"

Ameniruhusu niandike kisa chake kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la shule. Naandika kwa sababu mimi ni mhasibu, nashika vitabu vya biashara ndogo na shule mbili tatu hapa Arusha, na bado jambo hili lilipita mbele ya macho yangu. Krismasi ya 2021 tulikuwa Kibosho, nyumbani kwa mama mdogo. Akanionyesha slipu yake ya Novemba ili nimwelezee makato. Nikaona mstari wa Bodi ya Mikopo, shilingi 67,500. Nikamwambia, "Vizuri, unalipa." Kumbe nilikuwa natazama makato, nikayaita malipo. Hayo ni mambo mawili, na kisa chote kimo katika nafasi iliyo kati yao.

Mkopo wenyewe

Alianza shahada ya ualimu mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Kikatoliki Mwenge, pale Moshi, akamaliza 2019. Wanaosoma leo hawatashangazwa na safari ya fomu: elfu 30 ya maombi, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA (wakala wa serikali wa usajili), muhuri wa mtendaji, saini ya mwanasheria, na jina la mdhamini. Mdhamini alikuwa mama yake. Alisaini kwa mkono ule ule anaosainia kahawa, taratibu, akitamka kila herufi.

Bumu la wakati ule lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, na lilikuwa linatoka kwa awamu za siku 60. Ndiyo ile laki tano na elfu kumi ambayo kila aliyesoma miaka hiyo anaikumbuka hadi siku iliyokuwa inaingia benki. Awamu nne kwa mwaka, miaka mitatu, jumla 6,120,000. Vitabu na vifaa, 200,000 kwa mwaka, jumla 600,000. Ada alikopeshwa sehemu tu, 1,830,000 kwa miaka yote; iliyobaki ilitoka kwenye ndizi, maziwa na kahawa ya Kibosho. Mafunzo kwa vitendo mara mbili, siku 56 kila mara kwa shilingi 10,000, jumla 1,120,000. Ukijumlisha unapata 9,670,000. Bodi inaongeza asilimia 1 ya kuendesha mkopo, mara moja tu, nayo ni 96,700. Deni la kuanzia: 9,766,700.

Sitaki mtu asome namba hizo akadhani nalalamikia mkopo. Bila mkopo ule binti huyu angekuwa Kibosho na cheti chake cha kidato cha sita kwenye bahasha. Bodi ya Mikopo imeundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ilianza kazi Julai 2005, na watoto wa wakulima waliopita vyuoni kwa mgongo wake wako kila ofisi unayoingia Arusha na Moshi. Fedha wanazorejesha ndizo zinazokopeshwa wanaofuata. Ndiyo maana inaniuma zaidi fedha iliyokatwa kwa jina la Bodi inapoishia njiani. Wanaopoteza ni wawili: aliyekatwa, na mtoto wa kidato cha sita anayesubiri zamu yake.

Makato ya Arusha

Januari 2020 aliajiriwa, mshahara wa msingi 450,000. Machi 17 shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona, na, ukiacha kidato cha sita, hazikufunguliwa hadi Juni 29. Shule yake ilimlipa nusu ya Machi, kisha kimya. Alirudi Kibosho kupalilia migomba, na kwa miezi hiyo hakuna aliyekatwa chochote kwa kuwa hakuna aliyelipwa.

Julai 2020 mshahara ulirudi, na mstari wa Bodi ukaonekana kwa mara ya kwanza. Sheria inatoa miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla hujabanwa kuanza kurejesha. Yeye alikuwa bado ndani ya muda huo, lakini kwa kuwa ameajiriwa hakuona sababu ya kungoja. Alifurahi hata. Kwa mwajiriwa kiwango ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016 kilikuwa 8. Kwa 450,000 unapata zile 67,500.

Kuanzia Julai 2021 slipu yake ilikuwa hivi, na naomba uiangalie kwa makini kwa sababu baadaye itatoa ushahidi. Mshahara wa msingi 450,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 45,000. Kinachobaki kwa ajili ya kodi ni 405,000. 270,000 za kwanza hazitozwi, na kilichozidi kinatozwa asilimia 8, kwa hiyo kodi ni 10,800. Bodi 67,500. Mkononi: 326,700. Kwa fedha hiyo alipanga chumba Sakina, akapanda kifodi kwenda na kurudi, akamtumia mama yake elfu hamsini kila mwezi.

Januari 2023 alipandishwa hadi 520,000, makato ya Bodi yakawa 78,000. Aliondoka mwishoni mwa Agosti. Hesabu ya makato ni hii: miezi 30 ya 67,500 ni 2,025,000, miezi 8 ya 78,000 ni 624,000. Jumla 2,649,000. Kwa hesabu yake, deni lilipaswa kuwa 7,117,700.

Swali la kwanza: zimeingia kwa mtu mwingine?

Nilipotulia baada ya ile simu, wazo langu la kwanza halikuwa wizi. Mwajiri halipi Bodi jina moja moja kwa mkono. Anaandaa orodha ya wafanyakazi wanaodaiwa, kila mmoja na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na kiasi alichokatwa, anapata kumbukumbu namba ya malipo, kisha analipa jumla benki. Namba ya kidato cha nne ndiyo uti wa mgongo wa yote. Ukikosea tarakimu moja, fedha inaweza kumwendea mtu asiyekujua, au ikakaa bila mwenyewe. Nikamwambia asilie kwanza, aingie kwenye akaunti yake ya Bodi mtandaoni na kupakua taarifa ya deni.

Hakuwahi kuifungua hata mara moja tangu amalize chuo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu jambo ambalo nimelisikia kwa wengi: aliogopa kuiona ile namba. Slipu ilimpa utulivu, na akaunti ingempa jumla ya deni. Akachagua utulivu. Simlaumu kwa ukali, lakini silifichi pia. Miaka mitatu ni mingi mno kukaa bila kutazama deni lako.

Taarifa ilikuwa na mistari minne ya malipo kutoka shule ile. Minne kati ya 38. Kila mmoja 67,500, jumla 270,000. Na tarehe zake zilinifanya nivue miwani: Januari 2021, Februari 2021, Julai 2021, Januari 2022. Mtu asiyefanya hesabu za shule angeona miezi iliyotawanyika tu. Mimi niliona miezi ya ada.

Namba ya kidato cha nne ilikuwa sahihi, la sivyo hata hiyo minne isingefika. Tulichobakiza ni kuuliza kumbukumbu namba za ile miezi 34 mingine. Kila malipo ya serikali yana namba yake. Isipokuwepo namba, hakuna malipo.

Siku hizo nilipanda Kosta kwenda Moshi, tukapanda pamoja Kibosho mwisho wa juma. Mama mdogo alikuwa anaanua kahawa. Alitusikiliza tukibishana juu ya slipu, akaomba moja, akaishika mbali kidogo na macho kama anavyosoma misale. Akauliza, "Hii karatasi nani amekupa?"

"Shule, mama."

"Shule ndiyo imekukata?"

"Ndiyo."

"Basi hii ni ya aliyekukata. Ya aliyepokea iko wapi?"

Tukanyamaza wote. Huyu mama amepeleka kahawa kwenye chama cha msingi tangu akiwa msichana. Wachaga wa mlimani wameuza kahawa kwa ushirika tangu 1925, kilipoanzishwa chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikafuata mwaka 1933. Huko kila mtoto anafundishwa mapema kwamba karatasi ya mizani inasema umeleta kilo ngapi, haisemi kama umelipwa. Anazo stakabadhi zake zote kwenye bati la biskuti, za mizani upande mmoja, za malipo upande mwingine. Mimi na stashahada yangu ya uhasibu, na mdogo wangu huyu na shahada yake, tulikuwa tumekaa miaka mitatu na stakabadhi za upande mmoja tu.

Jinsi inavyotokea

Nataka nilieleze hili pole pole, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu katika ofisi zaidi ya moja, na kwa sababu walimu wengi wanadhani kuna mtu anachukua makato yao na kuyatia mfukoni. Mara nyingi sivyo, na ukweli wenyewe ni mbaya kwa namna nyingine.

Shule ya binafsi ya saizi ya kawaida inapata fedha Januari na Julai, muhula unapofunguliwa. Wazazi wanalipa kwa awamu. Ikifika Aprili, ikifika Oktoba, akaunti imekauka na duka la mahindi linadai. Mhasibu anaandaa orodha ya mishahara: jumla ya mishahara kamili juu, makato katikati, cha kulipwa walimu chini. Anaipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi haangalii juu wala katikati. Anauliza swali moja: "Inatakiwa ngapi walimu wapate chao?" Anaambiwa namba ya chini. Anatafuta hiyo. Anakopa hiyo, akibidi. Walimu wanalipwa, slipu zinachapwa, na katikati ya orodha ile makato yanabaki yalivyo, wino juu ya karatasi. Hakuna aliyeyachukua kwa kuwa hayakuwahi kuwepo benki.

Baadaye zikipatikana fedha, kinalipwa kwanza kile chenye mtu anayebisha hodi. Kodi inatangulia, maana TRA, Mamlaka ya Mapato, wanafunga akaunti. NSSF inafuata, kwa kusuasua. Bodi inakuwa ya mwisho, na sababu yake nimeisikia ikisemwa waziwazi mezani: "Hilo deni si letu, ni la mwalimu mwenyewe."

Hapo ndipo ninapokasirika. Mwalimu aliahidiwa 450,000 akafanya kazi ya 450,000. Alipewa 326,700. Tofauti ile ni jasho lake, na shule imeitumia kulisha watoto mahindi na kuweka mafuta kwenye basi. Kwamba mkurugenzi hakujinunulia gari kwa fedha hiyo hakumpunguzii mwalimu deni hata shilingi. Na sheria haina utata. Mwajiri anatakiwa aijulishe Bodi ndani ya siku 28 anapomwajiri mnufaika, akate kila mwezi, na awasilishe ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Akishakata, jukumu la kufikisha ni lake.

Niseme kidogo juu ya bahati, kama ni neno linalofaa. Kisa hiki kingetokea miaka kumi mapema kingekuwa kikatili zaidi. Wakati ule kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021, na ikakoma kuanzia Julai mwaka huo. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo iliondolewa kipindi hicho. Piga hesabu: asilimia 6 ya 9,670,000 ni 580,200. Mwalimu wa 67,500 kwa mwezi analipa 810,000 kwa mwaka. Yaani kati ya 810,000 hizo, 229,800 tu zingegusa mkopo wenyewe. Walimu wakubwa waliokuwa wanasema "deni hili halishuki" hawakuwa wanatia chumvi. Leo halipandi, na bila tozo mwalimu wa 67,500 anamaliza kwa miezi 145, miaka 12 na mwezi mmoja. Lakini deni lisilopanda linaweza kusimama palepale huku wewe unakatwa, na kusimama huko hakuna anayekutangazia.

Shuleni

Tulikwenda Novemba. Nilimshauri asiende na hasira wala asiende mikono mitupu. Slipu alikuwa nazo 29. Nyingine zilipotea wakati wa kuhama vyumba. Hapo ndipo ile 326,700 ilipofanya kazi. Tulichukua taarifa ya benki ya miaka yote, na kuanzia Julai 2021 mwezi baada ya mwezi iliingia 326,700. Kama Bodi isingekatwa, ingeingia 394,200. Hakuna makato mengine yoyote kwenye mkataba wake yanayoweza kueleza pengo la 67,500. Kwa hiyo hata mwezi ambao slipu haipo, benki inashuhudia kwamba alikatwa. Tulifanya hivyo hivyo kwa miezi ya mwaka wa kwanza, ambapo kodi ya kundi lile ilikuwa asilimia 9 na aliingiziwa 325,350, na kwa miezi ya 2023. Tukatengeneza jedwali la safu nne: mwezi, alichokatwa, kilichoingia benki, kilichopokewa na Bodi. Safu ya mwisho ilikuwa na sifuri 34.

Mkurugenzi ni mzee wa heshima, kanisani anakaa mbele. Tulimwamkia, akaitikia vizuri, akaagiza chai. Mhasibu wa zamani aliondoka, alisema, mafaili yamehama chumba. Tukamwekea jedwali. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, na sidhani kama alikusudia kumwumiza:

"Binti yangu, wewe si umeshapata serikali? Si watakukata huko huko mpaka liishe?"

Mdogo wangu alimjibu akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Shikamoo tena mzee. Huko wanakata la huko. Hili nilishalipa hapa, kwako."

Hakupaza sauti. Mzee alimwita mhasibu mpya, akamwambia atafute kumbukumbu namba za ile miezi 34. Kijana alirudi baada ya nusu saa na zile nne tu. Pale pale dhana yangu ya kwanza, kwamba huenda fedha zilipotelea kwa mtu mwingine, ilikufa. Zilikuwa hazijatoka kabisa.

Barua tuliandika tatu za maneno yale yale: moja kwa shule, ikaeleza kiasi, miezi na siku 30 za kuwasilisha, moja kwa Bodi kupitia ofisi yake ya kanda hapa Arusha, pamoja na jedwali, slipu, mkataba na taarifa ya benki, moja ya kuhifadhi, ikiwa na mihuri ya kupokelewa ya zile mbili. Muhuri wa kupokelewa usiuache. Nimeona watu wakiacha barua mapokezi na kuondoka na ahadi ya mdomo.

Kitu kimoja kilinihuzunisha. Walimu wengine sita wa shule ile walipoingia kwenye akaunti zao waliona mashimo yale yale. Watatu walikuwa wameshaondoka, wakaweka saini zao kwenye barua. Watatu walio bado kazini walikataa. Mmoja alimwambia mdogo wangu, "Dada, mimi nina watoto wawili na mkataba wangu unaisha Desemba." Sina neno la kumlaumu. Jedwali lake tulimtengenezea kimya kimya, analo, siku akitoka atalihitaji.

Hofu ya kihamba

Kuna jambo ambalo halimo kwenye jedwali. Mama mdogo, baada ya kuuliza lile swali lake zuri, alikosa usingizi wiki nzima. Yeye ndiye mdhamini, na alisikia kutoka kwa majirani kwamba mdaiwa asipolipa wanakuja kwa mdhamini kuchukua kihamba, yaani shamba la ukoo. Kihamba kile kina kaburi la baba mkwe wake. Alikuwa ameanza kumwuliza mchungaji kama anaweza kukiandikisha kwa jina la mjukuu.

Tulikaa naye nikafungua nakala ya fomu, ukurasa kwa ukurasa. Mkopo huu haukuweka rehani ardhi wala nyumba. Hakuna hati iliyopelekwa popote. Mdaiwa ana mshahara wa serikali na anakatwa kila mwezi. Hakuna anayemtafuta mama. Aliniuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, nikajibu mara tatu. Sijui kwa nini hatukumweleza hayo mwaka 2016, siku alipoweka saini. Tulimtaka mkono wake na hatukumpa maelezo, na hilo ni letu, halihusu shule wala Bodi.

Mwanawe wa mwisho alikuwa anaomba mkopo wa stashahada wakati huo huo, maana mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa. Safari hii mama mdogo hakusaini hadi fomu yote imesomwa kwa sauti sebuleni, pamoja na kipengele cha anayejiajiri: shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, chochote kilicho kikubwa. Kijana anasomea ufundi na ndoto yake ni karakana yake mwenyewe, kwa hiyo hatakuwa na mwajiri wa kumkata. Kipengele kile alikirudia mara mbili.

Ilipofika

Siku 30 zilipita bila jibu. Siku ya 41 iliingia miezi mitano kwa mpigo. Baadaye minne. Baadaye minne tena, baada ya ufunguzi wa muhula. Jumla miezi 13, shilingi 877,500. Kila mara mdogo wangu hakungoja simu ya shule. Aliingia kwenye akaunti, akaona mstari, akapakua taarifa. Imebaki miezi 21: 13 ya 67,500 na 8 ya 78,000, jumla 1,501,500. NSSF yake aliikagua pia kwa ushauri wangu, akakuta mapengo ya miezi tisa, na hilo ni faili jingine ambalo tumelifungua.

Barua ya nne imepelekwa na kugongwa muhuri pande zote mbili. Nakala iko Kibosho. Mama mdogo ameligawa upya lile bati la biskuti: slipu za Arusha kaziweka upande wa mizani, taarifa za Bodi upande wa malipo, na kila binti yake anapopanda nyumbani mwisho wa mwezi anaombwa karatasi mbili kabla hajavua viatu.